Mwanangu, Hizi Si Njegere za Mendel

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Zawadi,

Huku hatujambo. Baba yako anakohoa kidogo lakini bado anagombana na kuku wa jirani, kwa hiyo usihofu.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Umesema muuguzi alikuuliza kama kwenu kuna mwenye kisukari, ukamtaja bibi, ukanitaja na mimi, naye akaandika kwenye kadi na kukupangia kipimo wiki ya 26 ya mimba yako. Halafu ukaniuliza: "Mama, bibi alikuwa nacho, na wewe ulikipata ulipokuwa na mimba ya mdogo wangu Idrisa. Kwa hiyo mimi ni nusu kwa nusu?"

Hiyo nusu kwa nusu najua umeitoa wapi. Umeitoa ubaoni kwangu, kidato cha nne, siku nilipochora njegere za Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere. Njegere ya kijani, njegere ya njano, visanduku vinne, hesabu inatoka safi. Miaka 27 nimechora visanduku hivyo, na darasa zima mkatoka mkiamini kila kitokacho kwa mzazi huja kwa mtindo huo. Kisukari cha mimba hakiji hivyo.

Mimba ikifika katikati, kondo la nyuma humwaga homoni zinazoufanya mwili wa mama uwe mgumu kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Huo si ugonjwa, ndivyo tulivyoumbwa, ili sukari ikae kwenye damu muda mrefu kidogo na mtoto apate chake. Kongosho la mama hujibu kwa kuongeza insulini, mara mbili au hata zaidi. Mwenye kongosho lenye akiba wala hajui kama kuna kazi iliyofanyika. Mwenye akiba ndogo, sukari inapanda.

Nilichoweza kukupa mimi ni akiba ndogo. Ugonjwa wenyewe sijakupa.

Na jeni zinazopanga akiba hiyo ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo kidogo. Inayotajwa zaidi inaitwa TCF7L2. Watafiti wa Iceland waliihusisha na kisukari cha ukubwani mwaka 2006, baadaye ikaonekana na kwa wajawazito. Nyingine ni MTNR1B, inayohusika na melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Wenye aina fulani ya jeni hiyo, kongosho lao hutoa insulini kwa kusuasua. Kongosho na giza la usiku, wapi na wapi! Ningekuwa bado nafundisha, hilo lingekuwa swali la mtihani. Lakini mwanangu, wako wanawake tele wenye aina hizo ambao hawakupata kitu, na wako waliopata bila kuwa nazo.

Halafu bibi yako hakunirithisha damu peke yake. Alinirithisha na sufuria. Wali wa nazi saa tatu usiku, chai ya vijiko vinne, mtu akiacha ukoko anaambiwa anaringa. Muuguzi akiuliza ya kwenu, anauliza damu na jiko kwa pamoja, na hakuna awezaye kuvitenganisha vizuri.

Kuna aina moja inayofuata njegere kweli, nisije nikakudanganya. Ni hitilafu ya jeni ya glukokinasi, ambayo kazi yake ndani ya kongosho ni kama kupima sukari na kuamua insulini itoke lini. Mwenye nayo sukari yake imekaa juu kidogo tangu kuzaliwa, haimsumbui, na kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuipata. Ajabu yake ni tumboni: mtoto aliyeirithi hukua kawaida, kwa kuwa kipimo chake kimepangwa juu kama cha mama, na asiyeirithi ndiye anayenenepa. Lakini ni nadra, na sukari ya mtu wa namna hiyo haipandi ikafika ilikofika ya bibi yako. Bibi sisimizi walikuwa wanajipanga chooni kwake kufuata sukari ya mkojo, sisi tukadhani watoto wamemwaga juisi.

Sasa ya Idrisa. Wewe ulikuwa na miaka mitano, najua unachokumbuka ni pilau tu.

Mimba ile nilipimwa mkojo mara mbili basi, sukari ya damu hakuna aliyeitaja. Idrisa akatoka na kilo 4.6. Vigelegele! Shangazi zako wakambeba kwa zamu, kila mmoja anasema huyu kazaliwa na miezi mitatu yake. Saa mbili hazijapita nikaona mkono wake unatetemeka kama jani la mpapai. Ziwa halishiki, namgusa shavu hageuki. Muuguzi mmoja, msichana mdogo kuliko wewe ulivyo sasa, akamchoma kisigino, akakamua tone moja la damu kwenye kijiti. Mashine ikaandika 1.6, sukari imeshuka mno. Aliondoka mbio hata viatu vikabaki.

Sukari yangu ilikuwa inavuka kondo kwenda kwake, lakini insulini ya mama haivuki. Kongosho lake likajifunza kutengeneza insulini nyingi kupambana na sukari yangu. Kitovu kilipokatwa, sukari ikakoma na insulini bado imejaa. Ule unene tulioupigia vigelegele ndio ulikuwa ishara. Walimtundikia dripu, akapona, na leo anakula kama unavyomjua. Ndipo wakanipima na mimi, wakakuta iko juu.

Waliniambia nirudi baada ya wiki 6 nipimwe tena. Sikurudi. Nilijiona mzima, na mtihani wa taifa ulikuwa karibu. Miaka sita baadaye, nikiwa darasani, njegere nilizochora mwenyewe ubaoni nikawa sizioni. Macho yamejaa ukungu, kiu haikatiki. Kilikuwa kisukari chenyewe, cha kudumu. Na wataalamu walishajua zamani: vipimo vya kwanza vya sukari ya wajawazito, vilivyowekwa Boston mwaka 1964, vilipangwa kwa kuangalia ni mama gani atakuja kupata kisukari baadaye. Aliyepata cha mimba hatari yake ni mara saba na zaidi ya mwingine. Hilo la wiki 6 ni langu, simtupii mtu.

Shemeji yako anayekushauri ufanye kipimo cha jeni, mwambie asante, pesa hiyo nunua nepi. Hata kikisema una kila jeni mbaya, bado utaambiwa kapime sukari. Wala usisubiri wiki ya 26. Sasa una wiki 14, rudi uombe wapime sukari ya kabla ya kula, na ikiwa sawa, kile kikubwa ufanye kati ya wiki ya 24 na 28 kama walivyokupangia. Wembamba wako usikudanganye, na bibi naye alikuwa mwembamba.

Siku ya kipimo kikubwa nenda asubuhi bila kula. Watakutoa damu, watakupa gramu 75 za glukosi kwenye maji, kama umeyeyusha pakiti nzima ya pipi. Kunywa taratibu, kaa, usizunguke sokoni. Damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani, kwa milimoli kwa lita, ni 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 saa moja baadaye, 8.5 ya saa mbili, na hata namba moja tu ikigusa mpaka wake, inahesabika. Ikitokea hivyo usilie. Wengi hutosha kwa kupunguza chakula cha wanga na kutembea jioni, na ikibidi sindano ya insulini, nimeshakuambia haivuki kwa mtoto.

Nimempa utingo wa basi la Dodoma mfuko wako: mbaazi, choroko, dagaa waliokaushwa vizuri. Kashata sikuweka, usinitafute. Ukishapimwa nipigie, unisomee namba zote tatu kutoka kwenye karatasi. Nisisikie "iko sawa tu, mama."

Mama yako