Sauti inakwaruza, nifanyeje?

Swali: Fundi shikamoo, mie niko Wete, nimeunda kispika kinapokea taarab kwa netiweki ya waya toka chumba cha pili, sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, biti 16, stereo, lakini inakwaruza na prosesa imejaa. Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya netiweki inakopi data kwenye programu, programu inakopi tena kwenye draiva ya sauti.

Jibu: Marahaba mwanangu. Ugonjwa huenda ndo huo kukopi, hizo ni baiti 192,000 kila sekunde na wewe unazibeba mara mbili, kama karafuu unazihamisha gunia hili kwenda lile bure tu. Tenga bafa (vyumba vya memori vya kuwekea data) za saizi moja mapema, pakiti (kifurushi cha data) ya milisekunde 5 ni baiti 960 za sauti, ikiingia ikae humo humo, draiva ya sauti ipe anuani tu ya pale heda (maelezo ya mwanzo wa pakiti) inapoishia, DMA (kifaa kinachohamisha data bila kumsumbua prosesa) ivute yenyewe, ikimaliza bafa irudi kwenye foleni. Usiombe memori mpya ndani ya intarapti (pale kifaa kinapomkatiza prosesa kazi yake), ntakugombeza! Halafu usianze kupiga pakiti ya kwanza ikifika, ngoja zijae tatu nne hivi, pakiti haziji kwa mpigo mmoja. Ikianza kukwaruza baada ya nusu saa basi saa za vifaa viwili haziendi sawa, hapo punguza au ongeza sampuli moja moja.