Theluji si barafu, wala bahari haikupungua

Swali: Mwalimu wa jiografia anauliza kama "hali ya hewa" imetumika sawasawa katika sentensi hii ya somo lake: "Zamani Uswidi na Ufini zilifunikwa na theluji, lakini hali ya hewa ilipobadilika, theluji iliyeyuka na bahari ikapungua."

Jibu: Aandike "tabianchi". Hali ya hewa ni mvua ya leo na upepo wa kesho. Kinachobadilika kwa karne nyingi ni tabianchi, neno lililoungwa kwa "tabia" ya Kiarabu na "nchi" ya Kibantu. Kosa hilo ni dogo. Kosa kubwa ni "theluji", ambalo nalikuta kila mara katika maandishi yetu kuhusu Ulaya ya kaskazini, na uvumilivu wangu umekwisha.

Theluji huanguka kutoka mawinguni, nayo ni nyepesi. Ikirundikana mwaka hadi mwaka bila kuyeyuka yote, ya chini hugandamizwa na uzito wa ya juu hadi ikawa barafu, na barafu ikiwa nene husogea polepole, ikikwangua miamba na kubeba mawe makubwa hadi mbali. Kilichoilalia Skandinavia kwa unene uliofikia takriban kilomita 3 kilikuwa barafu. Anayekiita theluji anamnyima mwanafunzi sababu ya yote yaliyofuata, kwa maana ni nani atakayesadiki kwamba theluji ilibonyeza ganda la dunia?

Nalo lilibonyea kweli. Barafu ilipotoweka, yapata miaka 10,000 iliyopita, nchi iliyotuliwa mzigo iliendelea kuinuka, na haijakoma hadi leo. Huko Höga Kusten, kwenye pwani ya Uswidi, ufuo wa kale uko mita 286 juu ya bahari ya sasa, na ardhi ingali inapanda takriban milimita 8 kwa mwaka. Mji wa Luleå ulihamishwa mwaka 1649 kwa kuwa maji ya bandari yake yalikuwa machache mno kwa meli. Ghuba ndogo hutengwa na bahari zikawa maziwa ya maji baridi, maziwa yakajaa matope na mimea yakawa vinamasi, na hatimaye miti ikaota mahali palipokuwa makazi ya samaki.

Kwa hiyo hata "bahari ikapungua" haisimami. Mwaka 1731 Anders Celsius, mwanasayansi wa Uswidi, alichongesha alama kwenye mwamba wa kisiwa cha Lövgrund, karibu na mji wa Gävle, ili kupima kushuka kwa maji, akiamini kwamba ni maji yanayopungua. Yeye anasameheka, kwani habari za enzi ya barafu zilikuwa hazijajulikana. Sisi tunaozijua hatuna udhuru. Barafu ya dunia ilipoyeyuka, bahari kuu zilipanda zaidi ya mita 100. Kaskazini mwa Uswidi ardhi ilipanda zaidi ya hapo, ndiyo maana huko bahari ilionekana kupungua.

Anayesema "theluji ya Kilimanjaro" akiutazama mlima kwa mbali simkatazi, maana theluji huanguka kule kileleni. Katika kitabu cha shule simruhusu mtu. Mwalimu na aandike hivi: "Zamani Uswidi na Ufini zilifunikwa na barafu, tabianchi ilipobadilika, barafu iliyeyuka na nchi iliyokuwa imebonyezwa ikainuka kutoka baharini."