Signecha, blidi, gata: mchapaji anaongea nini?

SWALI: Mambo vipi mhariri, nimechaguliwa kamati ya kitabu cha mwaka cha shule yetu, sasa tulienda kumuona mchapaji akaanza signecha, blidi, gata, lada, sisi tunaitikia tu kwa kichwa. Akamaliza kwa kusema kurasa zetu 70 zina shida, na picha tulizomtumia kwa WhatsApp hazitaki. Tufafanulieni jamani, kwa lugha ya kawaida.

JIBU: Tuanze na hizo 70, maana ukishaelewa hapo mengine mengi yanajieleza yenyewe. Mchapaji hachapi ukurasa mmoja mmoja, anachapa karatasi kubwa, kurasa 8 upande huu na 8 upande wa pili, af anaikunja mara tatu na kuikata kingo, inatoka kijitabu cha kurasa 16. Hicho kijitabu ndo signecha. Kitabu chenu ni signecha kadhaa zimepangwa pamoja, kwa hiyo hesabu inaenda 16, 32, 48, 64, 80, na 70 inaangukia katikati. Muulizeni kama anakubali nusu signecha ya kurasa 8, mkipata 72 mna kurasa mbili tu za kujaza, la sivyo punguzeni ziwe 64. Mi ningepunguza, kurasa za kujazia huwa zinajulikana tu.

Lada ni orodha ya kurasa zote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kila mmoja umeandikwa unabeba nini na nani anaushughulikia. Itengenezeni kabla hamjafungua kompyuta, kwa penseli kabisa, maana itabadilika sana.

Spredi ni kurasa mbili zinazotazamana ukifungua kitabu, na mnatakiwa mpange hivo, mbili kwa pamoja, picha moja iwe kubwa angalau mara mbili ya nyingine ili jicho lijue pa kuanzia. Gata ndo ule mstari wa katikati kurasa zinapozama kwenye mgongo wa kitabu. Usiweke sura ya mtu hapo, utamkata pua, na kitabu kilichobandikwa kwa gundi kinameza zaidi kuliko kilichoshonwa. Mkitaka picha moja ivuke kurasa mbili iwekeni katikati ya signecha, yaani 8 na 9, 24 na 25, 40 na 41, kwa sababu hapo kurasa zote mbili ziko kwenye karatasi moja isiyokatwa, kwingine nusu mbili zinachapwa sehemu tofauti zinakutana kwenye kushonwa tu na zinaweza kupishana kidogo.

Blidi inatokana na kisu. Kisu cha kukatia kingo kinaweza kuhama kidogo, sasa picha mnayotaka ifike mwisho wa karatasi lazima ipitilize ukingo, kawaida milimita 3 hivi, na hiyo ziada ndo blidi, bila hivo mtakuta kamstari keupe pembeni. Maandishi na vichwa vya watu navyo mvirudishe ndani.

Picha za WhatsApp sasa. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, inapoteza pikseli, yaani vile vidoti vidogo vinavyounda picha, na uchapaji unataka pikseli 300 kwa kila inchi. Picha yenye upana wa pikseli 1200 inachapika vizuri inchi 4 tu, ukiivuta ijaze ukurasa inakuwa ukungu hata kama kwenye simu inang'aa. Tumeni kama dokumenti, au chukueni faili lenyewe kwenye kamera. Na msishangae kijani cha kung'aa kikififia, skrini inachanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu, mashine inachanganya wino wa rangi nne, kuna rangi za skrini ambazo wino haufikii.

Folio ni namba ya ukurasa, basi.

Prufu ni nakala ya majaribio mnayopewa mkague kabla mashine haijaanza, na mkishaisaini makosa yaliyobaki ni yenu na kurekebisha kunalipiwa. Msiikague nyie mliopanga, macho yenu yameshazoea. Wapeni watu wawili wasio kwenye kamati, mmoja asome majina kwa sauti kutoka kwenye rejista, mwingine afuatilie kwenye prufu picha kwa picha, maana majina ndo yanayokosewa kuliko kitu kingine chochote.