Hesabu nauli ya vifurushi kabla ya kuchangisha

Ndugu, umeuliza kama michango ya umma itatosha kuchapisha mchezo wako wa mezani wa kuigiza wahusika, wenye visa vya kihistoria vya kutisha. Kinachoumiza zaidi ni usafirishaji. Kampuni ya Chaosium ya Marekani, iliyochangisha zaidi ya dola 560,000 mwaka 2013 kwa toleo la saba la Call of Cthulhu, mchezo wake wa kutisha wa aina hiyohiyo, ilielemewa na zawadi za ziada ilizoahidi na gharama za kutuma vifurushi nje ya nchi, hata mwaka 2015 mwanzilishi wake, Greg Stafford, akarejea kuinusuru. Pima kwenye mizani nakala ya mfano ikiwa ndani ya boksi lake, ulizia nauli ya kila nchi, na, nakusihi sana, watoze wachangiaji nauli hiyo baada ya vitabu vya mchezo kutoka kiwandani.