Mnaoandika kuhusu magazeti ya masoshalisti wa Marekani, anzeni posta

Nimepitia proposo za tasnifu za wadogo zetu wa mwaka huu na roho imeniuma, makosa ni yaleyale. Kila mtu anafungua na Eugene Debs, yule kiongozi wa masoshalisti, anashusha nukuu za tahariri, kisha anamaliza: serikali ikalifunga gazeti. Jamani! Nawapenda, ndo maana nasema.

1. Tafuteni hela na usafiri kwanza, tahariri baadaye. Appeal to Reason, gazeti la kisoshalisti la J. A. Wayland, ilikuwa inatoka Girard, kimji tu huko Kansas, na kufikia 1913 inachapa nakala zaidi ya 700,000 kwa wiki. Wanunuzi hao hawakuwa Girard. Posta ilikuwa inabeba magazeti kwa bei nafuu, waliyoiita daraja la pili, senti 1 kwa ratili, halafu kulikuwa na Jeshi la Appeal, watu wa kawaida kabisa waliokuwa wanagonga milango ya majirani na wafanyakazi wenzao kuwaandikisha wasomaji, senti 50 kwa mwaka. Zile habari za mawakala mnazoziruka ndo gazeti lenyewe.

2. Hili liliniumiza mimi. Kwenye chapta yangu niliandika kwamba The Masses, gazeti la kisoshalisti la New York, lilipigwa marufuku 1917, nikajenga hoja yote juu ya hapo, supavaiza akaniuliza kitu kimoja tu: amri ya marufuku iko wapi? Nikatafuta weee, haipo. Kilichotokea ni kwamba Sheria ya Ujasusi, ya wakati wa vita, ilipita Juni 1917, posta ikakataa kubeba toleo la Agosti, gazeti likaenda mahakamani na jaji Learned Hand akaizuia posta isilikatae, mahakama ya rufaa ikasimamisha zuio hilo. Sasa sikilizeni Postamasta Mkuu, yaani bosi wa posta yote ya Marekani, Albert Burleson alivyofanya: akasema kwa kuwa toleo la Agosti halikupita posta basi gazeti hili halitoki mfululizo, kwa hiyo halistahili bei ya daraja la pili. Yaani unazuia wewe, halafu unasema halitoki! Mwisho wa mwaka likafa. Hakuna askari aliyevunja mtambo, ni nauli tu. Chapta niliivunja yote nikaanza upya, na nilikuwa nimeshaipenda.

Milwaukee Leader, gazeti la msoshalisti Victor Berger, lilinyang'anywa kibali hichohicho cha bei ya daraja la pili 1917, Mahakama ya Juu ikamuunga mkono Burleson 1921, lakini lenyewe lilipona maana lilikuwa na wasomaji wengi mjini hapohapo. Linganisheni hayo mawili, mtapata tasnifu nzima.

3. Kiingereza peke yake hakitoshi. August Spies aliyenyongwa Chicago 11 Novemba 1887 alikuwa mhariri wa Arbeiter-Zeitung, gazeti la Kijerumani, na Forward la New York lilianza 1897 kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki.

4. Kwenye maikrofilamu, zile filamu za picha za magazeti ya zamani, andika tarehe na ukurasa palepale.

5. Msiwaweke wote kapu moja. Desemba 1917 Appeal iligeuka ikaunga mkono Vita vya Kwanza vya Dunia, ikajiita New Appeal, na wengi mnakimbilia kuandika "usaliti". Wayland alishajiua tangu 1912, wenye gazeti walikuwa wengine, na posta ilikuwa imeshawakaba. Elezeni hayo kwanza ndo mhukumu.

Proposo zikirudi kwangu, ukurasa wa kwanza nikute bei ya gazeti na nani alilipeleka kwa msomaji.