Fundi, redio inanimalizia betri ya boti

SWALI: Habari ya kazi fundi. Nina boti ya faiba ya mita 5, injini ya kufunga nyuma, betri moja ya volti 12. Nimefunga taa za usiku, pampu ya kutoa maji yenye boya na redio ya gari na spika mbili, zote moja kwa moja kwenye betri kwa waya nilizokuwa nazo. Sasa nikiongeza sauti redio inazima inawaka tena, na boti ikikaa siku kadhaa nikija injini haipigi stata. Ninunue betri kubwa?

JIBU: Usinunue kwanza ndugu yangu. Kilichonishtua ni kwamba hujataja fyuzi hata moja! Volti 12 hazikurushi ukizishika, ila waya ukichubuka chanya na hasi zikagusana betri inamwaga mamia ya ampea, waya unakuwa mwekundu, na hapo hapo kuna faiba na petroli. Leo chomoa hasi ya betri, afu kila waya wa chanya uwekee fyuzi karibu kabisa na betri, sentimita 18 hivi usizidishe. Na ukubwa wa fyuzi unafuata waya, sio redio, maana kazi yake ni kuukinga waya usiungue.

Redio kuzima, mi nashuku waya mwembamba. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo redio ikiwa mita 5 kutoka kwenye betri we hesabu mita 10, na ikivuta ampea 10 kwenye waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza zaidi ya volti 1 njiani, wakati ule wa 6 unapoteza kama 0.3 tu. Chukua mita ya kupimia volti, ongeza sauti, pima kwenye betri kisha nyuma ya redio, tofauti ikiwa kubwa basi shida ni waya au viungio. Chukua waya wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, bana tarminali kwa koleo lake kisha vika mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kusokota waya na kuzungusha tepu kwenye maji chumvi hakudumu hata kidogo.

Betri kuisha: redio nyingi za gari waya wa njano ni wa kumbukumbu na mwekundu ndio wa kuwashia, ukiziunga zote pamoja kwenye betri redio inanyonya hata ikiwa kimya, kwa hiyo nyekundu ipitishe kwenye swichi, na boti ikikaa muda mrefu kata na njano. Ila pampu usiikatie, iache na fyuzi yake moja kwa moja kwenye betri ikulinde usipokuwepo. Tena ichunguze, boti ikivuja inafanya kazi kutwa kucha nawe hujui, unailaumu redio bure.

Kama unapenda kupiga muziki nanga ikiwa chini, hapo ndio ongeza betri ya pili ya vifaa, ya stata usiiguse kabisa. Waya zote za hasi zirudi kwenye baa moja, yaani kipande cha chuma chenye skrubu za kuungia waya nyingi.

Na spika zina sumaku, ziweke mbali na dira. Kabla ya kuzifunga tazama dira huku unazisogeza mahali pake, maana sumaku inavuta hata redio ikiwa imezimwa, sindano ikicheza zihamishe.