Mwanangu, majivu nayo huzikwa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa usiku nimeusoma mara tatu. Unauliza kama utakuwa umemsaliti mumeo ukikubali azikwe Murang'a wanavyotaka shemeji zako, ilhali alikwambia, tena mimi nikisikia, kwamba akifa achomwe.

Neno la marehemu ni zito, na ningependa lifuatwe. Lakini wasikilize vizuri shemeji zako. Kinachowauma ni kukosa kaburi. Wataenda wapi kumpalilia ndugu yao? Hilo lina jibu. Majivu ya mtu mzima huwa kilo mbili au tatu hivi. Achomwe Nairobi, kisha majivu yazikwe nyumbani kando ya babake, padri akiwapo, na msalaba usimikwe. Kanisa letu liliruhusu kuchoma maiti tangu 1963. Walichokataza Vatikani mwaka 2016 ni kuyatawanya majivu, kuyagawana au kuyaweka sebuleni. Kwa hiyo lile wazo la kuyamwaga mtoni liache, mwanangu. Profesa Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alichomwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, jeneza lake limetengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugu maji, na majivu yake yakazikwa katika taasisi yenye jina lake.

Shemeji mkubwa akisema si mila yetu Wakikuyu, nitamjibu mimi. Zamani wengi wetu hawakuzikwa kabisa, walipelekwa msituni. Kaburi lilikuwa la wazee wenye mali. Kuzika kila mtu kumekuja na wamisheni na serikali ya mkoloni.

Mahakamani usiende. Nilikuwa msichana wakati wakili S.M. Otieno alipofariki, Desemba 1986. Mjane wake Wambui na ukoo wa mumewe, Umira Kager, walivutana kuhusu mahali pa kumzika hadi Mei 1987, mwili ukiwa mochari, na mwishowe mjane akashindwa. Miezi mitano, mwanangu, bila kumlilia mtu wako kwa utulivu.

Kuna kile kifaa cha moyo alichowekwa kifuani. Waambie hospitali wakitoe kabla ya yote, betri yake hulipuka motoni. Na kama una shaka hata kidogo kuhusu kilichomuua, upasuaji wa maiti ufanywe kwanza. Aliyezikwa anaweza kufukuliwa, aliyechomwa hapana.

Gharama usizionee haya kuzitaja. Babako alitaka jeneza la kawaida, nami nikaona aibu mbele ya watu. Nikakodi mahema, nikanunua jeneza la kung'aa, nikalipa deni la Sacco miaka miwili wewe ukiwa bado shuleni. Ile karo uliyorudishwa nyumbani kwa ajili yake ilikuwa chini ya udongo. Sijawahi kukwambia.

Nakuja Alhamisi na gari la asubuhi. Shemeji zako tutakaa nao pamoja, nami nitaanza kuzungumza. Mpaka nifike usitie sahihi karatasi yoyote, na tafadhali kula kitu.

Mamako